Sikio Linanuka: Usitie Kitu Kabla Hujajua Kilichomo

Mbwa akianza kutikisa kichwa kila mara na sikio likatoa harufu, watu wengi hukimbilia kutafuta kitu cha kumwagia humo. Mafuta ya nazi, maji ya limau, spiriti, matone yaliyobaki mtoto alipoumwa sikio, na wapo wanaofika hadi kwenye mafuta ya taa. Wanafanya hivyo kwa huruma, nami siilaumu huruma hiyo. Lakini sikio la mnyama ni mahali ambapo dawa isiyo yake inaweza kuharibu kuliko ugonjwa wenyewe, na sababu iko katika umbo lake.

Njia ya sikio letu ni fupi na imenyooka kiasi. Ya mbwa na ya paka hushuka wima kutoka kwenye uwazi unaouona, ikapita kandokando ya shavu kwenda chini, halafu ikakata kona na kuingia ndani kuelekea fuvu. Ukiichora inafanana na herufi L. Kwa mbwa, njia yote huwa na urefu wa kama sentimita 5 hadi 10 kutegemea ukubwa wa mwili, na ngoma ya sikio iko mwisho kabisa, baada ya kona. Kwa hiyo unachokiona ukifunua sikio ni ukumbi tu, chumba chenyewe hukioni. Daktari hukifikia kwa kifaa chenye taa na mdomo mwembamba, huku akivuta sikio taratibu ili kuinyoosha ile kona. Kinachoingia humo hakitoki kwa urahisi: maji, mbegu za majani, kupe, usaha, vyote huteremka na kukaa chini penye joto, unyevu na giza. Kijiti cha pamba nacho hukupa furaha ya kuona kimetoka cheusi, kumbe nusu ya uchafu umeusukuma mpaka kwenye kona na kuushindilia hapo.

Sikio lenye afya lina rangi ya waridi iliyofifia, ni kavu, halina harufu ya kukufanya usogeze uso, na nta yake ni kidogo ya rangi ya kahawia hafifu. Zoea kulikagua mara moja kwa wiki, mnyama akiwa ametulia. Funua, angalia, kisha sogeza pua unuse, moja kisha jingine. Kunusa kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu harufu mara nyingi hutangulia usaha. Halafu bonyeza polepole chini ya sikio, pale mfereji unaposhukia kando ya shavu. Wenye afya hubonyea kama mpira laini na mnyama hajali. Akilia, akivuta kichwa au akitaka kuuma, kuna maumivu ndani hata kama juu panang'aa. Ukihisi mfereji mgumu kama gegedu kavu, ugonjwa ni wa muda mrefu na kuta zake zimeshanenepa.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ni sikio moja au yote mawili, na limeanza ghafla au polepole? Jibu lake hupunguza nusu ya kazi. Mbwa aliyetoka kwenye majani makavu ya kiangazi, akaanza papo hapo kuinamisha kichwa upande mmoja na kukikung'uta kwa nguvu, ana kitu kilichoingia: mbegu ya majani au kupe. Mbegu zenye miiba midogo hutembea mbele tu, hazirudi nyuma, na zinaweza kutoboa ngoma ya sikio. Hiyo si ya kungoja kesho kutwa. Masikio yote mawili yakiwasha kwa wiki nyingi, yakipoa na kurudi, fikiria mzio. Yote mawili yenye uchafu mweusi kwa paka mdogo, fikiria utitiri.

Tuanze na hao utitiri, maana ndio wanaosumbua paka wengi, hasa watoto waliozaliwa na mama wa mtaani. Ni wadudu wadogo wasiofika nusu milimita. Alama yao ni uchafu mkavu wa kahawia iliyokolea au mweusi, wenye chembechembe kama makapi ya kahawa yaliyobaki chini ya kikombe, na muwasho wa kumfanya paka ajichane nyuma ya sikio hadi damu itoke. Kuna kipimo cha nyumbani: chukua uchafu kidogo uliotokeza kwenye mdomo wa sikio, uweke juu ya karatasi nyeusi mahali penye mwanga, uangalie kwa lenzi ya kukuzia. Ukiona nukta nyeupe zinatembea, umewapata. Usipowaona, bado hujawaondoa kwenye mashaka, daktari ataangalia kwa hadubini.

Wanaposhindikana kuisha ni kwa sababu mbili. Kwanza, mzunguko wa maisha yao kutoka yai hadi mdudu mzima huchukua kama wiki 3, na dawa nyingi za matone haziui mayai. Anayetia dawa siku 4 akaona paka ametulia na kuacha, anawaachia kizazi kipya nafasi. Pili, utitiri hawakai sikioni tu. Hutembea kwenye shingo na mkia, pale paka anapojikunja kulala, na huhama kwenda kwa mnyama wa jirani. Tibu paka na mbwa wote wa nyumba kwa wakati mmoja, hata asiyejikuna, na ufue vitambaa wanavyolalia. Dawa za kisasa za kudondoshea kwenye ngozi ya shingo, kama selamectin, zina faida kubwa hapa, kwani hupitia mwilini na kuwafikia wadudu popote walipo, wala hulazimiki kupigana na paka kila jioni.

Hapa nataka kusema kwa sauti kuhusu ivermectin ya ng'ombe, dawa ya sindano ya kuua minyoo na wadudu, ambayo wengine huikimbilia kwa utitiri. Katika maduka ya dawa za mifugo inapatikana kwa urahisi, chupa ya asilimia 1, yaani miligramu 10 ndani ya kila mililita, na kipimo cha ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Sasa chukua paka mdogo wa kilo 1. Mtu akivuta nusu mililita kwa kukisia tu, amempa mara 25 ya kiwango hicho. Kitakachofuata ni kuyumba kama mlevi, mboni kupanuka, kutetemeka, kutoona, na baadaye kuzimia, na hakuna dawa maalumu ya kuigeuza. Mbwa wa jamii ya Collie na ndugu zake, pamoja na machotara wao, wengi wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo, hivyo hata kipimo kinachovumiliwa na mbwa mwingine kinaweza kuwadhuru. Dawa za kuogeshea ng'ombe zisimguse paka kabisa: permethrin na amitraz ni sumu kwake, hata tone lililokusudiwa mbwa linaweza kumletea degedege.

Fangasi na bakteria ndio wanaotoa ile harufu. Fangasi wa jamii ya hamira, Malassezia, huishi kwenye ngozi ya mbwa mwenye afya kwa idadi ndogo, na hupenda mafuta. Joto, unyevu na uvimbe vikizidi, huongezeka, na sikio hutoa uchafu wa kahawia wenye kunata, wenye harufu ya uvundo mtamu kidogo kama kitu kilichochacha. Bakteria huleta usaha wa njano au wa maziwa. Ukiona usaha wa kijani, wenye harufu kali ya kuchukiza, na mnyama haruhusu kabisa kuguswa, huenda ni Pseudomonas, bakteria mkaidi anayezoea dawa haraka na kuchimba vidonda kwenye mfereji. Huyo anahitaji sampuli ipelekwe maabara ili ijulikane dawa gani bado inamuua.

Rangi na harufu hutoa fununu tu. Kinachotoa jibu ni kipande kidogo cha usaha kupakwa kwenye kioo, kutiwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini. Ni kazi ya dakika chache. Fangasi huonekana kama karanga au nyayo ndogo, bakteria kama shanga au vijiti. Ukienda kwa daktari, muombe afanye hivyo kabla ya kuandika dawa. Ni haki yako, na daktari mzuri atafurahi umeuliza.

Ila hata ukiwapata fangasi na bakteria, bado hujapata chanzo. Wao ni kama wapangaji waliokuta nyumba iko wazi. Aliyefungua mlango, kwa mbwa, mara nyingi ni mzio. Mbwa mwenye mzio wa vumbi, chavua au chakula huvimba ngozi, na ngozi ya sikio ni ngozi ile ile. Kwa baadhi ya mbwa masikio ndiyo dalili pekee. Kwa hiyo mbwa anayeugua masikio mara 3 au 4 kwa mwaka, mwangalie na makwapa, tumbo, na nafasi kati ya vidole. Anajilamba miguu mpaka manyoya yamegeuka rangi ya kutu? Basi matone ya sikio peke yake yatakufilisi bila kumponya.

Mzio wa chakula hupimwa kwa chakula, si kwa kipimo cha damu. Unachagua aina moja ya nyama ambayo mbwa hajawahi kula, na wanga mmoja mpya, unampa hivyo tu kwa wiki 8 bila kuchanganya. Nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano ndizo zinazotajwa zaidi kwa mbwa. Kwa paka ni nyama ya ng'ombe, samaki na kuku. Kwa mbwa aliyelelewa kwa ugali, dagaa na utumbo wa kuku, unaweza kujaribu nyama ya sungura na viazi, kama kweli hajawahi kuvila. Shida huwa siyo chakula chenyewe, ni nyumba: mtoto anamrushia kipande cha chapati, mlinzi anamgawia mchuzi, na wiki 8 zinaanza upya. Akipona, mrudishie chakula cha zamani. Sikio likiwaka tena ndani ya wiki 2, umepata jibu.

Masikio yaliyolala, nywele nyingi ndani ya mfereji na kuogelea baharini huongeza hatari tu. Wapo wanaokata masikio ya watoto wa mbwa wakidai yatapata hewa na hayataugua. Kona ya mfereji inabaki palepale, na mzio haukatwi kwa wembe. Ni maumivu ya bure.

Sasa kusafisha. Sikio lenye afya halihitaji kusafishwa, na kulisafisha kila siku kunalilainisha ngozi mpaka liugue. Safisha linapokuwa na nta ya kuonekana, baada ya kuogelea au kuogeshwa, au daktari anapoagiza kabla ya dawa. Tumia kisafisha masikio cha wanyama, na kama hakipo, maji ya chumvi yanayouzwa famasi, yale ya kuoshea vidonda. Spiriti huchoma ngozi iliyovimba, na dawa ya povu ya kuoshea vidonda (haidrojeni peroksaidi) huacha unyevu na kukwaruza. Siki na limau kwenye mfereji wenye vidonda ni mateso.

Pasha chupa moto kidogo kwa kuiweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, kwa sababu kimiminika cha baridi kikifika ndani humtia mnyama kizunguzungu. Mkalishe mbwa kwenye kona ya chumba, nyuma yake pawe na ukuta. Paka mviringishe kwenye taulo akabaki kichwa. Inua sikio juu, mimina polepole mpaka uone kimiminika kimefika mdomoni mwa mfereji. Mdomo wa chupa usiguse ngozi, la sivyo utarudisha vijidudu kwenye chupa. Kabla hajatikisa, shika chini ya sikio na usugue kwa vidole sekunde 20 hadi 30. Utasikia sauti ya maji yanayochezacheza, na hiyo ndiyo ishara kwamba kimefika kwenye kona. Kisha mwachie atikise; kazi kubwa anaifanya yeye, kwani mtikiso ndio unaopandisha uchafu wa chini. Futa kwa pamba au gozi iliyozungushwa kidoleni, usiende mbali kuliko kidole kinavyoingia bila kulazimisha. Rudia mpaka pamba itoke karibu safi. Ngoja dakika 10 hadi 15 ndipo utie dawa, maana dawa iliyowekwa juu ya usaha au maji haigusi ngozi.

Matone anayotoa daktari mara nyingi yana vitu vitatu ndani: kiuavijasumu, dawa ya fangasi na steroidi. Hiyo ya tatu watu huiogopa, lakini bila kupunguza uvimbe mfereji unabaki umefumba na zile mbili hazipiti. Kosa la kawaida ni kubana matone. Matone 2 kwa mbwa wa kilo 40 hayafiki hata kwenye kona. Fuata kipimo cha uzito kilichoandikwa. Kosa la pili ni kuacha harufu inapoisha. Harufu huisha siku ya 3 au ya 4, wakati dawa nyingi zinahitaji siku 7 hadi 14, na sikio la muda mrefu huhitaji zaidi. Rudi kuangaliwa kabla ya kusimamisha dawa, hadubini ionyeshe kwamba vijidudu vimekwisha. Sikio linalorudi baada ya wiki 3, mara nyingi halikuwahi kupona.

Kuna hali moja inayonifanya nisisitize uchunguzi kabla ya kitu chochote. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, viuavijasumu kama gentamicin na neomycin, na klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, vinaweza kupita hadi sikio la ndani na kuharibu usikivu na mizani ya mwili, pengine kwa kudumu. Paka ni dhaifu zaidi hapo. Humo nyumbani huwezi kujua kama ngoma ni nzima, hivyo ukitilia shaka, usitie kitu zaidi ya maji ya chumvi. Na ukiona kichwa kimepinda na hakinyooki, mnyama anazunguka upande mmoja au kuanguka, macho yanachezacheza kushoto na kulia, uso umelegea upande mmoja, au kwa paka mboni moja imekuwa ndogo na ukope wa tatu umetokeza, ugonjwa umevuka ngoma. Mpeleke siku hiyo hiyo, usitie tone.

Kupe walio kwenye ngozi ya juu ya sikio watoe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usimchome kwa kiberiti, usimmwagie mafuta ya taa. Aliye ndani ya mfereji mwachie daktari. Wiki 3 zinazofuata angalia homa, ufizi kupauka, kutokwa damu puani au mkojo mwekundu, kwani kupe wa mbwa hueneza magonjwa ya damu.

Sikio likivimba ghafla likawa kama andazi, laini na lenye joto, ni damu iliyojaa kati ya ngozi na gegedu kwa sababu mshipa umepasuka kwa kutikisa kichwa. Kuitoa kwa sindano tu mara nyingi hujaa tena. Madaktari huipasua na kushona ili nafasi ile ifungwe, au huinyonya na kuweka steroidi. Ukiiacha, itakauka yenyewe baada ya wiki kadhaa huku sikio likijikunja na kusinyaa. Vyovyote itakavyotibiwa, muwasho uliomfanya atikise kichwa usipotibiwa, sikio la pili litafuata.

Zimebaki kingo za masikio. Mbwa wanaofungwa karibu na zizi, hasa wenye masikio yaliyosimama kama German Shepherd, huliwa ncha na nzi wanaouma. Utaona magamba meusi ya damu kwenye ncha, na kwa masikio yaliyokunjika, kwenye mkunjo. Nzi hao huzaliana kwenye samadi iliyochanganyika na majani yaliyooza, kwa hiyo tiba huanza na koleo: ondoa samadi kila siku, mhamishe mbwa. Lainisha magamba kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kausha, paka vaselini au dawa ya kufukuza nzi iliyotengenezwa kwa mbwa. Vidonda visivyofunikwa hutagiwa mayai, na mabuu yakishaingia kwenye nyama ni kazi ya daktari.

Magamba makavu ya kijivu kwenye ukingo wa sikio ni jambo jingine. Kwa mbwa, sugua ukingo wa sikio kwa vidole sekunde 5. Mguu wa nyuma ukianza kukuna wenyewe, kuna uwezekano mkubwa ni upele, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na utitiri wa aina nyingine, na unaweza kuwapata watu wa nyumbani. Kwa paka, upele wake huanzia hapo hapo kwenye ukingo wa sikio, ukashuka usoni na shingoni, ngozi ikawa nene yenye mikunjo. Wote hutibika vizuri.

Mwisho ni paka weupe, au wenye masikio meupe. Jua la huku kwetu ni kali mwaka mzima, na ngozi isiyo na rangi chini ya manyoya machache ya sikio huungua kila siku. Huanza kwa wekundu na kukauka kwenye ncha, kisha kigamba kidogo kinachobanduka na kurudi, kisha kidonda ambacho mwenye paka hudhani amepigana. Kidonda cha ncha ya sikio jeupe kisichopona ndani ya wiki 3 kichukuliwe kuwa saratani mpaka daktari aseme vinginevyo. Mpe kivuli kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na usimpake mafuta ya jua ya binadamu, kwani atayalamba. Ikigunduliwa mapema, tiba yake ni kukata sehemu ya juu ya sikio, na wengi hupona kabisa. Watu huona uchungu kusikia hivyo. Paka asiye na ncha za masikio anakula, anawinda na anasikia kama zamani.